Sailensa ya kuwindia siyo ile ya kwenye sinema

Mhariri, naomba nafasi maana hili swala linanikera sana. Watu wanadhani sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, inafanya bunduki isisikike kabisa, si kweli jamani. Raifo ya kuwindia inapiga desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 160 hivi, sailensa nzuri inapunguza 20 mpaka 30, na risasi ikizidi kasi ya sauti bado inapasua hewa pwaa! Huku Ufini wawindaji wengi wanaifunga kwenye bunduki, ni kuokoa masikio yao na ya mbwa. Ya metali ya titani nyepesi ila bei kali, ya chuma nzito lakini inahimili joto. Kwa kuzunguka msituni kutwa nzima mimi nasema titani, tena ile inayorudi nyuma kuzunguka mtutu, bunduki hairefuki sana. Earmafu, vile vya kuziba masikio, vaeni bado.

Msomaji wenu, Ufini