Kabla ya kupima dhahabu ya Waajemi, tuulize ilikotoka

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo moja kuhusu makala mliyoichapisha wiki iliyopita juu ya hazina za Uajemi wa kale. Picha zilipendeza, na mwandishi anastahili pongezi kwa kutufikisha zama za wafalme Koreshi na Dario bila kutuchosha. Hata hivyo, tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa akihesabu dhahabu: bangili, vikombe, vigari. Hakuuliza hata mara moja kila kitu kilifukuliwa wapi, kilifukuliwa na nani, wala kilikutwa kimelala karibu na nini, ilhali kwa mambo ya kale hilo ndilo swali linalotangulia mengine yote.

Tuanze na hazina ya Oxus iliyoko British Museum, ambayo mliipa picha kubwa kuliko zote. Ni vitu vya dhahabu na fedha vipatavyo 180, kikiwamo kigari cha dhahabu kinachokokotwa na farasi wanne, na nakiri kwamba kila nikitazama picha ya kigari hicho husahau nilichotaka kukilalamikia. Vitu hivyo vilipatikana kando ya mto Oxus, ambao leo huitwa Amu Darya, mwishoni mwa miaka ya 1870. Wafanyabiashara walivinunua, wakaporwa njiani kati ya Kabul na Peshawar, vikaokolewa mwaka 1880, kisha vikaishia kuuzwa sokoni Rawalpindi. Hakuna mtaalamu aliyekuwapo vilipotoka ardhini, na ndiyo maana hadi leo wajuzi wa fani hii wanabishana kama vilikuwa mali ya hekalu na kama vilizikwa vyote kwa pamoja, na wapo waliovitilia shaka baadhi ya vipande vyenyewe.

Sasa linganisheni na vibao vya udongo vya Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi hao, ambavyo makala yenu ilivipitia kwa sentensi moja. Mwaka 1933 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na Ernst Herzfeld, walivikuta ndani ya ngome iliyo ukingoni mwa jukwaa la majumba ya kifalme, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Shirazi, Iran. Ni maelfu kwa maelfu ya vibao na vipande, vingi vinaenea kiganjani, vilivyoandikwa zaidi kwa mwandiko wa kabari, yaani alama zilizogandamizwa kwenye udongo mbichi, katika lugha ya kale ya Kielamu, kati ya mwaka 509 na 493 kabla ya Kristo. Kwa sura havina mvuto wowote. Mtu angeweza kudhani ni kashata zilizovunjika. Lakini kwa kuwa vilitoka mahali pamoja na kwa utaratibu, vinasomeka kama daftari moja la ghala la serikali: shayiri ya vibarua, divai ya wasafiri waliobeba hati ya ruhusa, kondoo wa sadaka. Kibarua aliyejifungua mtoto wa kiume alipewa posho ya ziada iliyo mara mbili ya aliyejifungua wa kike, habari ambayo hakuna kikombe cha dhahabu kingeweza kutupa. Yumo Irtashduna, mke wa Dario, ambaye mfalme aliagiza apewe kondoo 100. Limo hata jina Tirazzish, ambalo wataalamu wanalitambua kuwa ni Shirazi yenyewe, nasi wa Pwani tuliolelewa kwa masimulizi ya Washirazi wa Kilwa tungekuwa watu wa mwisho kulipita bila kugeuka. Juu ya vibao hivyo zimebaki pia alama za mihuri, na kwa kuufuata muhuri mmoja kutoka kibao hadi kibao, watafiti wanaweza kujua ofisa yupi alishughulika na nani na katika jambo gani.

Anayedhani kwamba swali la chimbuko ni la wasomi peke yao akumbuke kisa cha Pakistan. Mwaka 2000 polisi wa huko walikamata maiti iliyokaushwa, ndani ya jeneza, yenye taji na bamba la dhahabu kifuani lililodai kwamba huyo ni binti wa mfalme Xerxes wa Uajemi, ambaye Biblia humwita Ahasuero. Bei iliyotajwa ilikuwa rupia milioni 600. Iran na Pakistan zikaanza kuvutana, kila moja ikidai ni wake. Uchunguzi ukaonyesha kwamba maandishi yalikuwa na makosa ya sarufi, jeneza lilikuwa na alama za penseli, na mwanamke huyo alikuwa amekufa miaka michache tu nyuma, shingo yake imevunjika. Mtoto wa watu aligeuzwa bidhaa kwa sababu soko lilikuwa tayari kumlipia binti mfalme asiye na chimbuko.

Vibao vya Persepolis navyo nusura vifike mnadani. Vilikuwa vimeazimwa Chicago tangu miaka ya 1930 ili visomwe, na majeruhi wa mabomu ya Yerusalemu ya mwaka 1997, waliokuwa wamepewa na mahakama ya Marekani fidia ya mamilioni ya dola dhidi ya Iran kwa kuliunga mkono kundi lililolipua mabomu hayo, waliomba vikamatwe na kuuzwa. Uchungu wao nauelewa. Ila mnada ungevitawanya kwa wanunuzi mia, na daftari lingekuwa karatasi zilizopeperushwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ililikataa ombi hilo Februari 2018, kwa kura 8 bila hata moja ya kupinga, na mwaka uliofuata vibao 1,783 vilirudishwa Iran.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapochapisha tena picha za vitu vya namna hii, chini ya kila picha andikeni kilifukuliwa wapi na mwaka gani, na pale ambapo hakuna ajuaye, andikeni "hakijulikani kilikotoka" kwa herufi zilezile mlizotumia kutuandikia uzito wa dhahabu.

Msomaji wenu,
Tanga