Barua ya wazi kwa vijana wetu wanaorusha besiboli, na kwa wazazi wao

Wanangu wa Dallas, Fort Worth na vitongoji vyake, nanyi wazazi mnaokaa pembeni ya uwanja kwenye viti vya kukunja,

Salaam. Mimi mzee ninayewapakia vijana kwenye gari langu kuwapeleka uwanjani nimenyamaza msimu mzima, lakini sasa nimeshindwa. Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu nikimfuata mzazi mmoja nyumbani kwake nitaambiwa namwonea kijicho mtoto wa mwenzangu.

Jumamosi iliyopita nilimtazama kijana wetu wa miaka 14 akirusha mechi ya asubuhi. Alipotolewa kilimani, pale anaposimama mrushaji, hakupumzika. Alivalishwa kinga za mdakaji, yule anayepokea mipira nyuma ya mpigaji, akachuchumaa kudaka mipira ya mwenzake hadi mechi ikaisha. Alasiri akapelekwa uwanja mwingine, jezi nyingine, akapandishwa tena kilimani. Kufikia zamu ya tatu alikuwa akiukung'uta mkono baada ya kila mpira. Alipokuja kukaa nikampa chupa ya maji. Akaibana kwapani, akaizungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto, maana vidole vya kulia vilikataa kukaza. Nikamuuliza kama anaumwa. Akamtazama baba yake kwanza, ndipo akanijibu, "Hapana, babu. Nimechoka tu."

Nilimwendea baba yake nikamwomba amtoe. Akaniambia wasaka vipaji wako nyuma ya uzio na bunduki zao za rada za kupima kasi ya mpira, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ndugu yangu, nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu nawe ulinijibu mbele ya watu. Methali hiyo inamhusu mtu anayetafuta kitu kwa hiari yake. Mtoto yule hakuwa akitafuta kitu; alikuwa akikuogopa wewe. Juzi daktari wa mifupa amemkataza kushika mpira, na hajasema hadi lini.

Wanangu, sikilizeni habari za kiwiko. Upande wa ndani, unaoelekea mbavu, kuna kano fupi inayofunga mfupa wa mkono wa juu na ule wa chini. Mnapovuta mkono nyuma na kuufyatua, hiyo ndiyo inayovutwa. Misuli mnaweza kuijenga kwa mazoezi mkawa na mabega kama wanaume wazima, lakini kano haikui kwa mwendo huo. Na kwa mtoto ambaye bado anarefuka, hata mfupa wenyewe pale haujashikana sawasawa. Kabla kano haijakatika, mfupa unaweza kubanduka. Kwa hiyo mtoto akisema "nimechoka tu", asichukuliwe kuwa mvivu. Mwaka 2006 watafiti wa Birmingham, Alabama, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha vijana waliopasuliwa mkono na wenzao wasioumia. Waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka, uwezekano wao wa kufika kwenye chumba cha upasuaji ulikuwa mara 36 ya wenzao. Mara 36, jamani! Na sisi tunapiga makofi.

Najua mtanitajia Tommy John. Kila nikisema neno kuhusu kiwiko, mtu ananitajia Tommy John. Haya, tumzungumze. Alikuwa mrushaji wa Los Angeles Dodgers, mtu wa mkono wa kushoto, kiwiko kikakatika Julai 1974. Septemba mwaka huo Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake wa kulia, akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto. Alimwambia wazi kwamba nafasi ya kurudi kurusha ni 1 kwa 100. Msimu wa 1975 wote ukapita bila yeye. Alirudi 1976, akacheza mpaka 1989, na kati ya mechi 288 alizoshinda maishani, 164 alizishinda baada ya kisu. Ni habari ya kumshukuru Mungu. Lakini ninyi mmeigeuza kuwa bima. Nimewasikia wazazi, kwa masikio yangu, wakisema mkono ukikatika si neno, wataunga, na tena utarudi na kasi zaidi. Anayewaambia hivyo anawadanganya. Tommy John alipopasuliwa alikuwa na miaka 31, mtu mzima aliyekwisha kushika nafasi yake Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB), si mtoto wa darasa la nane.

Tazameni wa siku hizi. Mrushaji Stephen Strasburg alichaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009, timu ya Washington wakaona wamepata mkono wa karne. Mwaka 2010 akapasuliwa kiwiko. Akainuka, akawa mchezaji bora wa fainali za 2019, akapewa mkataba wa dola milioni 245 kwa miaka 7. Baada ya kutia sahihi alianza mechi 8 tu. Mwaka 2024 akastaafu. Na hapa kwetu Arlington, timu yetu ya Rangers walimpa mrushaji Jacob deGrom dola milioni 185. Msimu wa 2023 alianza mechi 6, kiwiko kikakatika mara ya pili katika maisha yake. Namshukuru Mungu kwamba alirudi. Lakini hao ni watu wenye madaktari wao, wakandaji wao, wapishi wao. Mwanao ana nani? Ana mimi na mfuko wa barafu.

Ugonjwa wenyewe ni kasi. Mwaka 2008 mpira wa kasi wa Ligi Kuu ulikuwa na wastani wa maili 91 na kitu kwa saa; mwaka 2024 umepita 94. Ligi yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 ikakiri kwamba kukimbizana na kasi, na kurusha kwa nguvu zote kila mpira, ni sababu kubwa ya mikono kuvunjika. Waliokiri ni wakubwa wenyewe. Kisha nakuja uwanjani nakuta mtoto wa miaka 12 anageuka baada ya kila mpira kutazama namba kwenye rada, hata hajali kama ulipita palipotakiwa. Kijana, kutoka kilimani hadi kwa mpigaji ni mita 18 na ushee. Ndani ya nafasi hiyo kuna kazi nyingi kuliko kasi. Greg Maddux alishinda mechi 355 bila kutisha mtu kwa kasi; aliuweka mpira alipotaka, na akili ya mpigaji aliisoma kabla hajainua gongo. Jamie Moyer alishinda mechi ya Ligi Kuu Aprili 2012 akiwa na miaka 49, kwa mipira ya polepole ambayo baba zenu wangeona haya kuipima. Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Panama, alijenga heshima yake yote juu ya mpira mmoja unaokata pembeni dakika ya mwisho. Mimi wa kunipendeza ni Maddux. Mtu akitaka kumfundisha mwanawe aanzie hapo, amfundishe kulenga na kubadilisha mwendo wa mpira, amuulize kila mpira ulikuwa wa nini.

Na hesabu ya mipira ipo, imeandikwa na Ligi Kuu pamoja na chama cha besiboli cha Marekani, haihitaji ugomvi. Mtoto wa miaka 13 na 14 asizidishe mipira 95 kwa siku. Akirusha 66 au zaidi, apumzike siku 4 kamili. Akirusha 51 mpaka 65, siku 3. Akitoka kilimani asiende kudaka. Na kila mwaka kuwe na miezi 4 bila kurusha kabisa. Kanuni hizi haziangalii jezi. Mipira ya timu ya asubuhi na ya timu ya alasiri inajumlishwa, maana kiwiko ni kilekile.

Mengine nayataja kwa ufupi, maana mnayajua. Laleni mapema. Msitie sahihi karatasi ambayo hamjaisoma wenyewe na mwanasheria wenu. Wakala asiyetaka mzazi awepo kikaoni, mkimbieni. Msipigane: Brien Taylor alichaguliwa wa kwanza na Yankees mwaka 1991, bega likaharibika katika ugomvi Desemba 1993, na Ligi Kuu hakuiona. Mkihama timu, aganeni vizuri na kocha mnayemwacha. Mchama ago hanyele. Somo la hesabu lipewe uzito uleule wa mazoezi. Salini.

Kuhusu fedha nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapodanganyana. Siku hizi uteuzi wa wachezaji wapya una raundi 20 tu. Anayeingia huanzia ligi ndogo, na kwa mkataba wa 2023 mshahara wa ngazi iitwayo Low-A ulikuwa dola 26,200 kwa mwaka, na wa ngazi ya juu kabisa, mlango wa Ligi Kuu, ulikuwa 35,800. Kabla ya mkataba huo ulikuwa chini zaidi. Kima cha chini cha Ligi Kuu kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Ninyi mnaiona hiyo ya mwisho tu. Wengi huishia kwenye mabasi ya usiku kati ya mji na mji, wakifika miaka 25 wanaambiwa asante.

Nasikitika kuona jumuiya yetu inavyopanga mambo. Ada ya timu ya kusafiri ikikosekana tunachanga, simu zinapigwa mpaka usiku, kila mtu anatoa. Kijana yuleyule akifeli hesabu hakuna aliyeitisha kikao. Nawaelewa, mnafanya kazi zamu mbili, mmoja ghalani, mwingine kutunza wazee, na mkono wa mtoto mnauona kama njia ya kutoka. Lakini hatukuvuka bahari ili mtoto awabebe watu wazima kwa kiwiko chake. Na wenye timu hizo wanafahamu njaa yetu, ndiyo maana mashindano hayaishi, Januari hadi Desemba.

Sikatazi ndoto. Tayler Scott wa Johannesburg alirusha Ligi Kuu mwaka 2019, mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Timu ya Pittsburgh ilimsajili David Matoma, kijana wa Uganda. Nawapenda, nawafuatilia, na siku mmoja wenu akisimama kilimani pale Arlington nitalia bila kuona haya.

Kwa hiyo utaratibu wa gari langu unabadilika kuanzia Jumamosi ijayo. Kila atakayepanda aje na daftari lenye hesabu ya mipira ya wiki nzima, timu zote, mzazi ametia sahihi. Asiyekuwa nalo atabaki nyumbani siku hiyo, nami nitapita kwake jioni tuongee na wazazi wake kwa chai. Aliyekwisha kuumwa asingoje Jumamosi. Anipigie leo, nitampeleka kwa daktari.

Mimi mzee wenu,
Dallas, Texas