Medali ya Bagamoyo si ya Sayyid Barghash

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita mlichapisha picha mbili za medali ya shaba nyeusi inayotunzwa na familia moja ya hapa Bagamoyo, mkaeleza kwamba ilitolewa mwaka 1875 kuadhimisha ziara ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, nchini Uingereza. Naomba nafasi nieleze kwa nini maelezo hayo yanapingana na picha zenu wenyewe.

Aliyechorwa upande wa mbele amevaa tarbushi, ilhali Sayyid Barghash, katika kila picha yake niliyopata kuiona, amepiga kilemba. Maandishi ya Kilatini yanayomzunguka yanamtaja Abdul Aziz, mfalme wa Waosmani, kuwa ameizuru London, na mwaka umeandikwa kwa tarakimu za Kirumi, MDCCCLXVII, yaani 1867. Upande wa nyuma wanawake wawili wanalakiana, mmoja akisimama badala ya jiji la London na mwenzake badala ya Uturuki. Nyuma yao kuna kuba la kanisa la Mtakatifu Paulo na msikiti wenye minara. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa Kiingereza, maana hakulikuza kanisa ili msikiti udogoke.

Sultani Abdulaziz alikwenda kwanza Paris kwenye Maonyesho ya Dunia, kisha mwezi Julai akavuka kwenda Uingereza, na hakuna sultani wa Kiosmani aliyemtangulia kuzuru Ulaya Magharibi kwa amani. Jiji la London lilimkaribisha katika ukumbi wa Guildhall na kuwaagiza mafundi wa medali J. S. na A. B. Wyon watengeneze medali, kama alivyofanyiwa Napoleon III wa Ufaransa mwaka 1855 na kama alivyokuja kufanyiwa Shah Naser al-Din wa Uajemi mwaka 1873.

Ziara ya Sayyid Barghash nayo ni ya kweli. Alikwenda miaka miwili baada ya mkataba wa Juni 1873 uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, akapokewa na Malkia Victoria huko Windsor, na Mchungaji George Percy Badger ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Ina historia ya kuitosha, haina haja ya kuazima medali ya mwingine.

Kosa hili lina gharama. Hapa pwani kitu kikisemwa ni cha Barghash wanunuzi hawakosekani, na atakayeondoka nacho huenda sheria isimguse, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Medali hii imechelewa kwa miaka minne tu!

Naona pia kwamba imesuguliwa, nadhani kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sinia, hata pua ya Sultani imeanza kulika na rangi ya kahawia imebaki katikati ya herufi peke yake. Naiomba familia iache kuisugua, na kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote iipeleke kwenye makumbusho ya Kanisa Katoliki hapa mjini ipimwe, kwani medali halisi ina kipenyo cha milimita 77, na ipigwe picha za kumbukumbu. Nanyi naomba mzichapishe tena picha zile, pande zote mbili, pamoja na jina la Sultani Abdulaziz.

Mwalimu mstaafu,
Bagamoyo