Siku 21 hazitoshi, na hamasa peke yake haijengi tabia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu makala za kujiendeleza ambazo magazeti yetu, likiwemo lako, huchapisha kila mwaka mpya unapoingia na kila mfungo unapomalizika. Nia ya makala hizo ni njema na sina shaka nayo. Hata hivyo, karibu zote humweleza msomaji mambo mawili ambayo mimi, niliyefanya kazi kwa miaka mingi kama muuguzi katika kliniki ya presha na kisukari hapa Tanga, naamini yanawakatisha watu tamaa zaidi ya yanavyowasaidia: kwamba tabia mpya hujengeka ndani ya siku 21, na kwamba mwenye nia ya kweli hashindwi.

Hesabu ya siku 21 ina historia yake. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura nchini Marekani, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi ili kuizoea sura mpya, na kwamba hata mtu aliyekatwa kiungo huendelea kukihisi kwa muda wa namna hiyo. Alieleza alichokiona kwa wagonjwa wake mwenyewe, tena kwa tahadhari ya kusema "angalau". Waliomnukuu baadaye waliiacha tahadhari hiyo njiani, na hesabu iliyohusu kuzoea pua mpya ikageuzwa kuwa kanuni ya kuacha sigara, kuamka mapema, kuweka akiba na kila jambo jingine ambalo binadamu anatamani kulibadilisha.

Walipokuja watafiti wakalipima jambo lenyewe, picha ilikuwa nyingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio fulani, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2009, yalionyesha kwamba muda wa kati uliohitajika ili jambo lifanyike bila kulitafakari ulikuwa siku 66, na kwamba tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliochagua kunywa maji walizoea mapema, na waliochagua mazoezi walichelewa. Lakini kwa maoni yangu, jambo lenye thamani kuliko yote katika utafiti ule ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu: aliyekosa leo na kuendelea kesho alifika kule kule walikofika wenzake.

Naomba tufikirie maana yake kwa msomaji wa kawaida. Mtu ameambiwa kwamba siku 21 zinatosha. Anajitahidi, anafika siku ya 22, bado kila asubuhi anapambana na nafsi yake ili atoke kitandani akatembee, na siku moja mvua inamzuia. Hasemi kwamba hesabu aliyopewa ilikuwa na kasoro, bali anajiona kwamba yeye ndiye dhaifu, anaacha, na mwaka unaofuata hajaribu tena. Watu wa namna hii nimekaa nao mezani. Huja kliniki wakiwa wamekwisha jihukumu, na kumrudisha mtu aliyejihukumu ni kazi ngumu kuliko kumfundisha asiyejua kitu.

Jambo la pili, la nia, linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo sisi watumishi wa afya, walimu na waandishi tunapokosea pamoja. Tunadhani mtu akielezwa faida za kutosha, au akitishwa vya kutosha, atabadilika. Mwaka 2002, nchini Uingereza, watafiti waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu na kuwataka wafanye mazoezi angalau mara moja katika wiki iliyofuata. Kundi la kwanza halikupewa chochote cha ziada, na waliofanya mazoezi walikuwa asilimia 38. Kundi la pili lilisomeshwa kuhusu maradhi ya moyo na faida za mazoezi, na waliofanya walikuwa asilimia 35, yaani hamasa haikuongeza kitu. Kundi la tatu lilipewa elimu ile ile, kisha kila mmoja akaandika siku gani, saa ngapi na mahali gani atafanya mazoezi hayo, na waliotekeleza walikuwa asilimia 91. Kilichowatofautisha na wenzao ni sentensi moja kwenye karatasi.

Mgonjwa wa presha huondoka kwenye dirisha la dawa na bahasha ndogo ya khaki iliyoandikwa 1×1 kwa kalamu, na mara nyingi maelezo anayopewa hayazidi "kidonge kimoja kila siku". Anaporudi mwezi unaofuata na kipimo kikaonekana bado kiko juu, huulizwa kwa nini hatumii dawa, tena kwa sauti inayomfanya mtu mzima ajione kama mtoto aliyetoroka shule. Jibu la wengi ni moja: "Sista, si makusudi, nasahau." Mimi nawaamini. Presha haiumi. Mwenye jino bovu hakumbushwi dawa na mtu, kwa kuwa jino lenyewe linamkumbusha, lakini mwenye presha huamka mzima, hushinda kazini mzima, na hakuna chochote katika mwili wake kinachomwambia kwamba saa ya kidonge imefika. Kumwambia mtu huyo "kila siku" bila kumwambia baada ya nini ni sawa na kumwachia kazi nzima ya kukumbuka, siku zote za maisha yake.

Namkumbuka mama mmoja muuza chai na chapati ambaye vipimo vyake vilikuwa vikitusumbua kwa muda mrefu. Nilimuuliza: "Mama, ukiamka, kitu cha kwanza unachokifanya ni kipi?" Akanijibu kwamba saa kumi alfajiri hubandika maji ya chai, hata akiwa anaumwa, kwa sababu wateja wake wa kwanza ni madereva na makondakta. Tulikubaliana kwamba dawa isikae tena kabatini chumbani, bali ihamie katika kikopo chenye mfuniko, juu ya rafu anapoweka majani ya chai, mbali na joto la jiko. Utaratibu ukawa kwamba majani yakishaingia kwenye sufuria, kidonge kinafuata. Vipimo vyake vilianza kushuka, ingawa Jumapili aliendelea kusahau, maana siku hiyo habandiki chai ya biashara. Ikabidi Jumapili tuitafutie namna yake, kabla ya kuvaa nguo za kanisani. Sikumfundisha mama yule jambo lolote jipya kuhusu ugonjwa wake, kwa kuwa madhara ya presha aliyajua vizuri, na mama yake mzazi alikuwa amepooza kwa ajili hiyo hiyo.

Kwa wakazi wa mwambao huu, adhana ni msaada mwingine ambao hatuutumii ipasavyo, kwa sababu mtu anayeswali hana haja ya kutafuta tukio la kufungia tabia mpya: siku yake imekwisha gawanywa. Na hapa niseme jambo kuhusu Ramadhani, kwa kuwa kila mwaka husikia maneno ambayo sikubaliani nayo. Mvutaji wa sigara hujizuia kutwa nzima kwa mwezi mzima, kisha siku chache baada ya Idi amerudi kwenye pakiti yake, na watu husema imani yake ilikuwa ya msimu. Naona ni kumwonea. Katika mwezi ule mji mzima hubadilika pamoja naye: migahawa hufungwa mchana, rafiki hamkaribishi sigara, jioni kuna futari, usiku kuna tarawehe. Idi ikipita, vyote hivyo huondoka kwa mkupuo na mtu hubaki peke yake na kijiwe chake cha zamani. Anayetaka kubakiza kitu cha mfungo anapaswa, kabla mwezi haujaandama, kukifunga kwenye jambo ambalo litaendelea kuwepo baada ya Idi, kama vile kwenda msikitini kwa miguu kila Isha badala ya kupanda bodaboda.

Kwa wanaotaka kuweka akiba, ambao nadhani ni wengi kuliko wanaotaka kupunguza uzito, kuna mfano wa jirani. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 utafiti walioufanya magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu waliokuwa tayari katika vikundi vya kupeana fedha kwa zamu, ambavyo huku kwetu huitwa upatu. Baadhi yao walipewa kisanduku chenye kufuli, na ufunguo wakakabidhiwa wao wenyewe. Kisanduku kile hakikumzuia mtu kutoa fedha wakati wowote, lakini waliopewa waliwekeza zaidi katika kinga za afya kuliko wasiopewa, na waliochangia mfuko maalumu wa afya ndani ya kikundi waliwapita hata wao. Fedha ikishaingia sandukuni na kupewa jina la kazi yake, ni rahisi zaidi kumwambia ndugu anayekuja kukopa kwamba hakuna, na ni rahisi zaidi kujiambia mwenyewe pia. Bibi zetu walikuwa na vibubu, na sioni kwa nini tuone haya kuvirudia.

Sisemi kwamba kila kinachomkwamisha mtu ni tabia. Dawa zikiisha kituoni, kikopo cha majani ya chai hakitamtibu mama yule, na kijana asiye na kipato hawezi kushauriwa kuhusu kisanduku cha akiba kana kwamba tatizo lake ni uzembe. Makala nyingi za kujiendeleza hupita juu ya jambo hili haraka mno, na wasomaji wanalitambua. Vilevile siungi mkono wanaotumia ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi kuwanyima watu wazima nafasi ya kujaribu, kwa sababu wagonjwa wangu walio wengi walikuwa wamepita miaka 50, na nimewaona wakibadilika, polepole, pale walipopewa utaratibu badala ya mawaidha.

Ndiyo maana nakuomba, Mhariri, mwaka mpya ukikaribia na makala hizo zikaanza kufika mezani kwako, uzikague kabla ya kuziruhusu. Inayoahidi mabadiliko kwa siku 21 irudishwe kwa mwandishi wake. Inayomtaka msomaji atembee dakika 30, apunguze chumvi au asome kitabu kabla ya kulala imsaidie kueleza atafanya hivyo baada ya nini, wapi, na kitu gani kihamishwe nyumbani ili jambo liwezekane: kichupa cha chumvi kitolewe mezani, simu ichajiwe sebuleni isilale chini ya mto, viatu vya kutembelea vikae mlangoni. Na kama nafasi inaruhusu, acheni mistari miwili mitupu chini ya makala, ili msomaji aandike mwenyewe siku, saa na mahali, akate kipande hicho na kukibandika ukutani pale atakapokiona akiamka. Wino na karatasi ya kazi hiyo ni gharama ndogo sana kwa gazeti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Tanga.