Nimepewa darasa la kwanza, nikimbilie wapi?

Kamwene shoga yangu!

Si ushakuwa mtu wa Mufindi, lazma nikusalimie ya huko. Huku Tukuyu mvua haijakata wiki nzima, nguo hazikauki, watoto wanaingia darasani na masweta yananuka moshi, ila tunasukuma.

Meseji yako nimeipata, ile ya "nimepewa la kwanza nikimbilie wapi". Nimecheka kwanza alafu nikakuonea huruma, mana ulivyozoea la sita lako, wale unawaandikia zoezi ubaoni unakaa zako unasahihisha, la kwanza hamna hiyo raha. Nilitaka nikujibu kwa voice note ila zangu unazijua, nikianza naanzia na habari za kuku, bora niandike utasoma jioni ukiwa umekumbatia jiko la mkaa.

Umeuliza mtu anajuaje huyu anasoma na huyu anaimba tu, wakati darasa lina watoto tisini na kitu. Shoga hilo ndo swali lenyewe, mengine yote ya andalio la somo na azimio la kazi utayazoea tu.

Anza na hili. Ukishika fimbo ukaonyesha ubaoni ba be bi bo bu, darasa zima litalipuka, sauti itafika mpaka ofisini na mwalimu mkuu atafurahi kweli ataona umewaivisha. Usifurahi nae. Chukua kadi moja, andika "bo" peke yake, muite mmoja pembeni umuonyeshe. Mwangalie mdomo, usiangalie kadi. Utaona anaanza chini chini ba… be… bi… alafu ndo anasema "bo!" kwa nguvu anakutazama usoni. Huyo hajaijua bo, anaujua wimbo, na bo ipo ya nne kwenye wimbo. Sio mjinga hata kidogo, tena kapata akili ya kuitafuta, ila ukimpa neno "boga" atakwama pale pale na wewe utashangaa jana si alijibu vizuri. Sasa jirani yake anaweza akaiona bo akasema bo papo hapo, na kwenye kuimba hata mdomo hafungui. Mimi wa hivo ninao, kabinti kanyamavu hako, wenzangu walishakaweka kwenye kundi la wasiojua.

Kingine ni kidole. Mpe kitabu amwambie mwenzie hadithi huku anaonyesha maneno, utakuta mdomo ushamaliza sentensi na kidole bado kinazunguka katikati ya mstari, au kidole kipo kwenye picha kabisa. Kashika hadithi kwa kichwa. Hiyo nayo ni hatua, usiidharau, mana anajua kitabu kinasema kitu na kila ukifungua kinasema kile kile, kuna watoto hata hilo hawana wakifika. Kuna mama mmoja wa New Zealand, Marie Clay, alikaa miaka mingi anaangalia watoto wadogo wanavyoanza kusoma, yeye alianza na vitu vidogo hivo hivo: mtoto anashikaje kitabu, anajua mbele ni wapi, anaanzia kusoma wapi, mstari ukiisha anaenda wapi. Alitengeneza hadi vijitabu vina picha imegeuzwa kichwa chini makusudi, aone nani anashtuka. Wewe huhitaji kijitabu chake, mpe mtoto kitabu kikiwa kimepinduka, ukae kimya. Atakachofanya kitakwambia kama nyumbani kwao kuna kitabu au ndo anakishika mara ya kwanza, na vijijini huko wengi ndo mara ya kwanza.

Huyo huyo Clay ndo katuachia njia ninayoitumia sana, ya kumsikiliza mtoto huku unaweka alama. Unachagua kipande kifupi, tuseme maneno 40. Neno akisoma sawa unaweka vema, akikosea unaandika kile alichosema YEYE juu ya neno lenyewe, akijirudia akajisahihisha unaweka alama yake tofauti, tena hiyo kujisahihisha huhesabu kuwa kosa, hiyo ndo dalili nzuri kuliko zote. Makosa manne kwenye 40 hapo yuko asilimia 90, kipande kinamfaa kujifunzia ukiwa nae. Akifika 95 kwenda juu aachwe asome mwenyewe, chini ya 90 kinamuelemea, mshushe. Ila asilimia kwangu sio kitu sana, kitu ni yale aliyosema. Mtoto kaona "kikombe" kasema "kijiko", huyo kaona ki- mwanzo na pengine kachungulia picha, ya katikati hajaangalia. Mwingine kasoma "ki…ko…be", huyo anasoma kila kitu kwa uaminifu ila mbe bado inamsumbua, hizi silabi za kubanana mb, nd, nj, ng', hapo wengi wanatereza. Wote wawili wamepata sifuri kwenye neno hilo. Kwenye mtihani wa wiki wanafanana kabisa! Wewe kesho unamfundisha huyu mbe, na yule unamfundisha kufika mwisho wa neno kabla hajasema, vitu viwili tofauti kabisa.

Na tafadhali mtoto akisoma "fitabu" badala ya "vitabu" usimuwekee kosa. Kwa huku kwetu kinyakyusa ni fi, na huko kihehe ni hivo hivo, mtoto kaisoma v vizuri tu ila kinywa cha nyumbani kimeitoa kwa njia yake. Muulize "vitabu ni vitu gani" akikuonyesha, tiki. Kutamka utamrekebisha saa nyingine mkiimba.

Sasa ile ya EGRA uliyouliza. Ni kipimo cha kusoma cha mtoto mmoja mmoja, kilitengenezwa Marekani na shirika la utafiti la RTI mwaka 2006 kikasambaa nchi nyingi, hapa kwetu walipima darasa la pili nchi nzima 2013 na watoto wengi walikuwa hoi, mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ukaingia 2015. Iringa mlikuwemo kwenye mradi wa kusoma wa Tusome Pamoja, kwaiyo hapo shuleni ukipekua kabati la taaluma nina uhakika hukosi vitabu au mabango yake, sisi Mbeya hatukuwemo tunakulaga kwa macho. Mtoto anasoma kwa sekunde 60 unahesabu maneno sahihi, lengo lililowekwa ni maneno 50 kwa dakika kwa la pili. Mi hiyo saa siipendi kwa la kwanza, mtoto akiona unashika simu unahesabu muda anakimbiza maneno kama anakimbizwa na mbwa. Alafu watu wanalinganisha na kingereza, wakati kiswahili "hawatakusubiri" ni neno moja, waingereza hapo wana maneno matano au sita. Usimlinganishe mtoto wa Mufindi na namba za watu wengine.

Ila kitu kimoja cha EGRA chukua mikono miwili, maneno ya kubuni. Andika mefa, dulo, tibe. Hayana maana, mwambie kabisa ni maneno ya kuchezea. Mtoto aliyekariri hana pa kushika, lazma asome. Kuna kavulana kangu ubaoni hakakosi, nikakapa "dulo" kakasema "duka", "mefa" kakasema "meza". Nikaelewa kila kitu: anashika silabi ya kwanza, inayofuata anaivuta kwenye maneno anayoyajua. Wiki iliyofuata nikampa vizibo vya soda vyenye silabi, nikamwachia du, nikawa nabadilisha cha pili tu, du-ka, du-ma, du-lo, hadi akawa anacheka mwenyewe.

Kuandika. Usidanganyike na mwandiko, shoga! Mtoto anakopi ubao wote vizuri hadi unataka kumpigia makofi, muulize kaandika nini, hajui, kachora. Kufuta ubao ndo kipimo. Futa, alafu waambie kila mtu aandike kitu anachokipenda kula, bila kuuliza herufi. Utapata mistari ya nyoka, utapata jina lake mwenyewe limerudiwa mara kumi, utapata KTB kwa "kitabu". Huyo wa KTB ndo wa kumshangilia, mana kasikia ki-ta-bu, kajua sauti tatu, kila moja kaipa herufi yake, zimebaki irabu. Mtafiti Emilia Ferreiro na mwenzie Ana Teberosky waliliona hilo kwa watoto wanaoongea kihispania huko nyuma, mwaka 1979 wakalichapisha, kwamba kabla mtoto hajaandika kama sisi anapita hatua ya kuweka alama moja kwa silabi moja, ni mahesabu yake. Na wewe ukipiga X nyekundu hapo umeyafuta mahesabu. Andika chini yake "kitabu" msome pamoja, basi.

Ntakuambia sasa kitu ambacho nagombana nacho kila siku ofisini. Fungua ripoti za watoto wa la kwanza, utakuta "anajitahidi", "aongeze bidii", "mzito kuelewa". Hivi mwalimu anayempokea mwakani atafanya nini na "aongeze bidii"? Kwenye daftari lako andika ulichokiona na kukisikia, hukumu iache. Mfano kwangu kuna hivi: "Anasoma silabi za herufi mbili bila kuhesabu, kwenye nda na mba anasimama, anachanganya b na d akiandika, akisoma hachanganyi." Kamstari kamoja hako, mtu yeyote akikisoma kesho anajua aanzie wapi. Na unaweka tarehe, mana usipoweka tarehe mwezi wa tisa hutajua kama ni ya zamani au ya jana.

Muda? Watano kwa siku, nakuapia inawezekana. Nunua kaunta buku kubwa, kila mtoto ukurasa wake. Wengine wakiwa kwenye vizibo au wanachora, wewe unakaa chini, sio kwenye kiti, unakaa usawa wake, dakika tatu nne kwa mtoto. Watoto 90 ukigawa kwa watano ni siku 18 za shule, hata mwezi haujaisha umewasikia wote, alafu unaanza upya na wale waliokushtua. Kelele zitakuwepo. Wathibiti ubora wakija siku hiyo waambie unapima, hawana neno.

Macho na masikio usisahau, baridi hiyo ya kwenu watoto wengi masikio yanatoa usaha na mzazi anaona kawaida. Mtoto anayemuangalia jirani kabla ya kujibu, mlete mbele, umsemeshe kwa nyuma uone kama anageuka. Na yule aliyeingia shule na kihehe tupu, muache amsimulie mwenzie picha kwa kihehe, ukisikia hadithi ina mwanzo na mwisho jua kichwa kipo, kiswahili kitakuja.

Mzazi atakuuliza "wa ngapi?". Watakusumbua na nafasi hao, mimi nawafungulia ukurasa wa mtoto nawasomea, baba mmoja wa majani ya chai kasikia mwanae anajisahihisha mwenyewe akatoka kifua mbele kuliko angeambiwa wa tatu.

Kadi za silabi nimekukatia seti moja kwenye boksi la mafuta ya kula, na manila mbili, nazituma na basi Ijumaa, wapigie watu wa basi kabla halijafika Mafinga mana wakipitiliza zitaishia Iringa mjini. Vizibo tafuta huko huko kwenye mabaa, osha kwanza. Ukishawasikia watano wa mwanzo nitumie walichosema, neno kwa neno, usiniandikie wanajitahidi.

Ndaga fijo (asante sana kwa kinyakyusa), nisalimie wanao.