Shukrani za familia baada ya kumzika shangazi yetu

Sisi watoto, wajukuu na watoto wa kaka na dada za marehemu tunatoa shukrani za dhati kwa wote walioshirikiana nasi tangu shangazi yetu alipoanza kuugua hadi tulipompumzisha katika nyumba yake ya milele. Kwa kuwa hatuwezi kumfikia kila mmoja kwa jina lake, tunaomba salamu hizi zipokelewe na kila aliyefika, aliyepiga simu, aliyetoa mchango wa fedha au wa nguvu zake, na aliyetuombea akiwa mbali. Madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, viongozi wa dini, majirani waliolaza wageni wetu majumbani mwao bila kuombwa, na waajiri waliotupa ruhusa, asanteni sana.

Shukrani za pekee tunazielekeza kwa ndugu wa matawi ya ukoo ambao hatukuwa tumeonana nao kwa miaka mingi. Hapakuwa na ugomvi (angalau hakuna aliyekiri kuukumbuka). Watu walihama kwa ajili ya kazi na ndoa, namba za simu zikabadilika, na kila nyumba ikabaki ikidhani kwamba nyumba nyingine ndiyo iliyonyamaza. Marehemu, aliyekuwa kitinda mimba na wa mwisho kubaki katika kizazi chake, ndiye aliyejua nani ni mtoto wa nani, na ni katika daftari lake la namba za simu, lililojaa mistari ya kufutia na nyongeza za pembeni, ndimo tulimopata njia ya kuwapasha habari. Baadhi yenu mlipigiwa simu usiku na watu msiowafahamu, mkatajiwa jina la marehemu tu, nanyi mkafunga safari.

Siku za msiba zilitufundisha mambo ambayo tungepaswa kuyajua tangu utotoni. Wapo waliozoea kuitana kwa majina, kumbe mmoja ni baba mdogo wa mwenzake, japo mwana ndiye mwenye mvi. Tumefahamu pia kwamba ugonjwa wa sukari umewapata wazee wa matawi zaidi ya moja, habari ambayo kila mmoja wetu anapaswa kumweleza daktari wake, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kufuata damu.

Daftari la shangazi limenakiliwa, na kila tawi limeteua mtu wa kupokea na kusambaza taarifa za uzazi, harusi na maradhi, si za vifo peke yake. Ndugu ambao namba zao hazikupatikana na wamesikia habari hizi baadaye, nafasi yao ipo. Wawasiliane na yeyote wanayemfahamu miongoni mwetu. Wenye picha za zamani tunawaomba waandike nyuma yake, kwa penseli laini na bila kukandamiza, majina ya waliomo maadamu bado wanawatambua, kisha watutumie nakala.

Mwenyezi Mungu awalipe kwa wema wenu, na amrehemu shangazi yetu.

Ni sisi, familia ya marehemu.