Leo anarusha Gilbert, Kaka

Kaka,

Simu zangu hupokei, na zako, karibu zote, nilikwisha kuacha kuzipokea tangu arobaini ya Mama, kwa hiyo tuko sare. Nakuandikia hapa kwa sababu Dada ameniambia huwa unapita kunisoma ukiwa zamu ya usiku.

Leo Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2022, Mariners, timu yetu ya besiboli ya Seattle, wako nyumbani na Oakland. Wakishinda wanaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2001. Wewe huhitaji kuambiwa. Ndiye uliyenihesabia miaka hiyo mmoja mmoja kama mtu anayedai. Katika ligi nne kubwa za Marekani hakuna timu nyingine iliyosubiri muda mrefu hivyo. Na huo msimu wa 2001 walishinda mechi 116, halafu Yankees wakawatoa! Ulikuwa ukitaja hiyo 116 kwa sauti ile ile ya Babu akikumbuka bei ya mkonge.

Anayeanza kurusha kwetu ni Logan Gilbert. (Wengine mnaosoma: katika besiboli mrushaji wa kuanza ndiye anayebeba mechi. Akiwa na siku mbaya, wapigaji wako wanaweza kuwa simba, mtalala mmeshindwa.) Ungempenda Gilbert. Ana miaka 25, mrefu kama mnazi, na msimu huu ana ushindi 13. Siri yake iko miguuni. Kutoka kilima cha mrushaji hadi kwa mpigaji ni kama mita 18 na nusu, lakini yeye hatua yake ni ndefu kiasi kwamba mpira unamtoka mkononi akiwa amekwisha kula sehemu ya umbali huo. Mpigaji anadhani ana muda, kumbe hana. Tazama ngwe ya kwanza tu, ile zamu ya kwanza ya kurusha na kupiga. Mpira wake wa kasi ukikaa juu na watu wakawa wanapiga hewa, kaa utulie, chai yako usiiache ipoe.

Oakland wanamleta Ken Waldichuk, kijana wa mkono wa kushoto waliyempata kwa Yankees mwezi wa nane. Yuko ligi kuu mwezi mmoja tu. Timu yenyewe iko mkiani mwa kundi. Usicheke. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogopa mtu asiye na cha kupoteza, tena anayetumia kushoto. Na mpigaji wetu Julio Rodríguez hayupo, mgongo. Cal Raleigh naye kidole gumba kinamsumbua, nadhani ataanzia benchi, kwa hiyo huyo nimemtoa kwenye hesabu zangu. Mwaka jana siku ya mwisho ya msimu nilikaa pale uwanjani peke yangu nikawaona Angels wakitufunga 7 kwa 3, watu wamejaa hadi ngazini. Nilitaka kukupigia. Sikukupigia.

Oakland. Unajua kwa nini jina hilo linanikaa kooni.

Alhamisi ile ya Septemba 2019 walikuwa Oakland hao hao. Mechi ya mwisho ya mrushaji wetu Félix Hernández. Misimu 15 na timu moja, ule mchezo mkamilifu wa Agosti 2012 ambapo wapigaji 27 walikuja na 27 wakarudi bila hata mmoja kukanyaga kituo cha kwanza, na bado hajawahi kurusha mpira hata mmoja wa mtoano. Ulikata tiketi sehemu ya mashabiki wake, ile ya fulana za manjano. Ukanunua karanga nje, barabarani, kwa sababu ndani wanauza kama dhahabu. Simu yangu ulikuwa nayo wewe, ulitaka kunipiga picha nimeinua lile bango la herufi K, alama ya mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mpira.

Ngwe ya tatu ukasema unakwenda kununua maji. Ulichelewa. Uliporudi ulikaa, ukaanza kunimenyea karanga. Ulimenya moja moja ukinitia kiganjani, kama ulivyokuwa ukifanya kibarazani nikiwa sijui hata kuvaa viatu. Nikafurahi, wallahi. Nikasema leo Kaka amekuwa mwema. Félix alitolewa ngwe ya sita, akalia mbele ya watu wote, uwanja mzima umesimama. Nikakutazama na wewe unalia, mabega yanatikisika. Nikacheka. Nikakuambia, "Unamlilia Mvenezuela kama umefiwa?"

Hukujibu. Uliniambia kituoni, tukingoja treni ya kurudi nyumbani Tukwila. "Mama ametutoka." Nikauliza saa ngapi. Ukatazama reli.

Kwetu kulikuwa kumekwisha kucha zamani. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya Ijumaa, na hakuna ndege ambayo ingetufikisha, hilo nalijua, usinijibu kwa hilo. Lakini Dada alinipigia mara nane. Simu ilikuwa mfukoni mwako na ulikuwa umeizima. Mpaka leo Tanga wanasema yule mdogo alikuwa mpirani mama yake akifa, hata simu hakushika. Shangazi alinitamkia waziwazi. Na wewe ulikwenda matanga, ukakaa nao kwenye mkeka siku tatu, ukala, ukarudi. Ulishindwa kusema neno moja? "Simu nilikuwa nayo mimi." Basi.

Ulimwambia Dada ulitaka nipate saa mbili zaidi za kuwa mtoto wa mtu. Aliponisimulia nilinyamaza, nikaenda kuosha vyombo. Ni maneno mazuri. Lakini hazikuwa saa zako za kugawa.

Sikiliza, na hili nakuambia kama mdogo wako: acha zamu za usiku, una presha. Minneapolis baridi inakuja. Mtumie Dada pesa ya bati kabla ya vuli, usingoje akuombe. Mimi nilituma ya khitma, kwa mkono wa Dada, sikuipitisha kwako, na nasikia hilo lilikuuma. Nilikuwa na sababu. Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajatoka, nisingeweza kusafiri hata kwa arobaini, na hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya kwa jina langu mwenyewe. Kama ingepita kwako ingekuwa tena "Kaka ametuma". Ndiyo maana. Haikuwa dharau. Au ilikuwa kidogo, lakini si yote. Wewe ungefanyaje? Na kuhusu kukujibu vibaya sikukuu ya mwaka jana, ulinipigia niko kazini, mkubwa wangu amesimama mbele yangu, ukaanza na Félix. Yaani ukaanza na Félix!

Haya. Gilbert. Nadhani atakwenda ngwe saba, labda nane, akiruhusu bao moja au mawili. Ninachoogopa ni wapigaji wetu kujikaza, maana uwanja ukijaa huwa wanataka kuupeleka mpira baharini kwa pigo moja. Itakuwa mechi ya mabao machache, ya kuumiza tumbo, itachelewa kuisha. Kwako huko saa ziko mbili mbele, na kama una zamu weka redio sikio moja. Treni za mizigo zitapiga honi nyuma ya uwanja kama kawaida, utazisikia hata redioni.

Nimekata tiketi mbili, mstari ule ule upande wa kushoto. Usiniulize kwa nini mbili. Simu itakuwa mkononi mwangu, inawaka. Karanga nitanunua pale pale barabarani. Nitamenya mwenyewe.

Mdogo wako.